Maneno Ukutani mwa Kanisa la Ashwell

Anayekwenda kijiji cha Ashwell, kaskazini mwa London, huliona kanisa la Bikira Maria kabla hajaziona nyumba za watu. Mnara wake, pamoja na ncha iliyo juu, una urefu wa karibu meta 54. Wageni wengi huupiga picha wakaenda zao. Sisi tunawaomba mwingie ndani.

Kanisa hili la karne ya 14 lilijengwa kwa jiwe laini la chokaa. Fundi hulipenda kwa kuwa halimsumbui kulichonga, ila mvua na baridi hulila. Ndani, ulaini huo umetuhifadhia mengi, maana ncha ya kisu ilitosha kuandika. Nguzo zimejaa maneno ya Kilatini. Mmoja alilalamika kwamba pembe za jengo hazikuungwa vizuri, akasema anazitemea mate (kumbe mafundi kusemana si jambo la leo!). Mwingine aliuonya ulevi. Yuko hata aliyemsengenya mwanamke aitwaye Barbara, kwamba ni mshenzi.

Lakini maandishi yanayolipa kanisa hili sifa yako chini ya mnara, katika ukuta wa kaskazini. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, na inakadiriwa kwamba iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Mwandishi wetu, ambaye hakutaja jina lake, aliukwaruza mwaka 1350 ukutani na kuuita wa kusikitisha, mkali, wenye jeuri. Kisha akaongeza kwamba waliobaki kushuhudia ni watu wabaya kabisa, makapi ya watu.

Hapo ndipo tunapokwama kila tunapoyasoma. Hakuandika kwamba wameokoka, wala hakumtaja marehemu hata mmoja. Aliyewahi kurudi kutoka makaburini na kujiuliza kwa nini amechukuliwa mwema, akaachwa yeye, atamwelewa mtu huyu bila mkalimani.

Maneno hayakuishia hapo. Yanataja upepo mkuu uliovuma siku ya Mtakatifu Mauro, 15 Januari, mwaka 1361. Sisi tungesema 1362, kwa kuwa Waingereza wa zamani hizo walianza kuhesabu mwaka tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Dhoruba hiyo iliuangusha hata mnara wenye ncha wa kanisa kuu la Norwich. Na mwaka huohuo wa 1361 tauni ilikuwa imerudi, safari hii ikikumbukwa kama maradhi ya watoto, kwa jinsi ilivyowachukua wadogo. Ukuta haulitaji jambo hilo. Akina mama wa Ashwell hawakuwa na haja ya kukumbushwa.

Chini ya maandishi hayo pamechorwa kanisa refu, ambalo huaminiwa kuwa ni kanisa kuu la kale la Mtakatifu Paulo, London, lililoteketea katika moto wa mwaka 1666.

Ibada zinaendelea Ashwell hadi leo, na ukuta haukupakwa rangi. Herufi zimefifia. Atakayekwenda achukue tochi, na asiimulike mbele bali aishike ubavuni, karibu na jiwe, ndipo mikwaruzo itakapopata vivuli na kusomeka.