Sumukuvu: Ghala Lipimwe Kabla ya Mgonjwa

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini, na 125 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kuchemsha.

Maafa hayo hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1981, wilayani Machakos, wagonjwa 12 kati ya 20 walifariki kwa sumu hiyohiyo. Hata hivyo, mwaka 2004 dalili ya kwanza iliyoonekana ilikuwa macho ya manjano hospitalini. Mahindi yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango cha mikrogramu 20 kwa kilo, kilichoruhusiwa wakati huo. Lakini yalikwisha kuliwa.

Ukaguzi wa kweli basi huanzia ghalani, nao huhitaji maabara zilizo karibu na mkulima. Hata wanafunzi waweza kusaidia: tikisa mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayo yarudishwe juani.