De Havilland Mosquito

De Havilland Mosquito ilikuwa ndege ya kivita ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jina lake lina maana ya mbu. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940.

Mwili na mabawa yake vilitengenezwa hasa kwa mbao, kwa kuwa ilihofiwa kwamba alumini ingeadimika. Hivyo hata mafundi samani waliweza kutengeneza sehemu zake.

Toleo la kudondosha mabomu halikuwa na bunduki. Mwanzoni wakuu wengi walilitilia shaka, lakini bila uzito wa silaha na wapiga bunduki, injini zake mbili ziliipa kasi ya kuwakwepa adui. Rubani na mwongoza njia waliitegemea kasi hiyo kuokoa maisha yao.

Zilitengenezwa zaidi ya 7,700.