Kikohozi cha Damu na Mkono Usio na Mapigo



Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, sote tunajua la kufanya: aende kupimwa kifua kikuu. Huo ni utaratibu mzuri, na leo hatuji kuubadilisha. Katika nchi yetu kifua kikuu bado ni kingi, na dawa zake hutolewa bila malipo. Lakini wako wagonjwa wachache wanaokohoa, wanaokonda na hata kutema damu, na makohozi yao yakipimwa tena na tena hayaonyeshi kitu. Tungependa familia zetu ziwajue watu hao, maana huteseka muda mrefu kabla ya kupata jibu.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 27, mkulima wa mahindi, kwa miezi kadhaa amekuwa na homa za jioni na jasho la usiku. Nguo zinampwaya. Akitwanga, mkono wa kushoto unachoka na kuuma mpaka auweke mchi chini. Akipumzika kidogo, maumivu yanaisha. Baadaye kifua kinabana, anahema akipanda kilima na ndoo ya maji, na siku moja anatema makohozi yenye damu. Nyumbani wengine wanasema ni kifua kikuu, wakamtengea kikombe na sahani. Wengine wanasema mkono umefungwa na jirani mwenye wivu. Kumbe jibu liko kwenye kifundo cha mkono wake: ukiugusa upande wa kushoto, mapigo hayasikiki.

Ni ugonjwa gani huu?

Unaitwa ugonjwa wa Takayasu. Mikito Takayasu alikuwa daktari wa macho huko Japani. Mwaka 1908 alieleza mishipa ya ajabu aliyoiona ndani ya macho ya mwanamke kijana, na madaktari wenzake wakasema nao walikuwa na wagonjwa wa namna hiyo ambao mapigo ya mikono yao hayakusikika. Tangu hapo umeonekana katika mabara yote, Afrika ikiwamo. Si ugonjwa wa kawaida. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40.

Ndani yake, kinga ya mwili inageuka na kushambulia kuta za mishipa mikubwa inayotoa damu kwenye moyo. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, na njia ya damu inakuwa nyembamba au inaziba kabisa. Hauambukizi. Hautokani na kurogwa, wala na kosa la mgonjwa.

Mapafu yanaingiaje?

Mshipa mkubwa hutoka upande wa kulia wa moyo, ukagawanyika mara mbili kupeleka damu kwenye kila pafu. Mshipa huo nao unaweza kushambuliwa. Baadhi ya taarifa za madaktari zinasema hutokea kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Takayasu. Ukiwa mwembamba, damu haifiki vizuri kwenye pafu. Mgonjwa anahema, anaumwa kifua, anakohoa. Sehemu ya pafu iliyokosa damu yaweza kufa, na hapo ndipo damu hutoka kwenye makohozi. Kwenye picha ya eksirei sehemu hiyo huonekana kama doa, nalo laweza kudhaniwa kuwa nimonia au kifua kikuu. Moyo nao unasukuma kwa shida mwaka hadi mwaka, mpaka unachoka na miguu inavimba.

Kosa letu wauguzi

Hapa na sisi tukiri. Foleni ikiwa ndefu, tunapima presha mkono mmoja tu, ule ulio karibu. Kwa mgonjwa huyu ni hatari. Mkono ambao mshipa wake umeziba huonyesha presha ya chini, tukamwambia, "Mama, presha yako nzuri," kumbe presha ya kweli iko juu na inaweza kumletea kiharusi. Tofauti ndogo kati ya mikono miwili ni ya kawaida. Ikifika 20 au zaidi kwenye namba ya juu, lazima sababu itafutwe.

Mfanye nini?

1. Anzeni na kifua kikuu. Pelekeni makohozi, na kama dawa zimeanzishwa, mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

2. Kama makohozi ni safi na dawa hazileti nafuu, rudini. Mwambieni mganga mambo yote kwa pamoja: kikohozi, mkono unaochoka, kizunguzungu, macho kufifia. Yakisemwa moja moja hayaeleweki.

3. Ombeni kwa heshima presha ipimwe mikono yote miwili. Ni haki ya mgonjwa.

4. Mkipewa rufaa, msikawie. Vipimo vya damu husaidia, lakini mishipa yenyewe huonekana kwa ultrasaundi, eko ya moyo na siti skani. Kutoka Songea huenda safari ikafika Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwapo tangu mwaka 2015. Ulizeni mapema habari za bima na nauli.

5. Mtu akitema damu nyingi, akizimia au akishindwa kupumua, msingoje asubuhi.

Juu ya dawa

Dawa ya kwanza ni prednisoloni, kwa kiasi kikubwa mwanzoni, kisha hupunguzwa polepole. Mara nyingi huongezwa nyingine, kama methotreksati au azathioprini. Prednisoloni hushusha kinga, kwa hiyo kifua kikuu hutafutwa kabla ya kuianza. Anayemeza dawa za kifua kikuu amwambie daktari, maana rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni. Mama mwenye mimba, au anayetarajia kupata mtoto, aseme mapema, kwa kuwa methotreksati humdhuru mtoto tumboni.

Uso huweza kuvimba ukawa wa mviringo, na majirani wakasema. Wengine kwa aibu huacha dawa ghafla. Tafadhali, msifanye hivyo! Ugonjwa hurudi kwa nguvu, na mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuishiwa nguvu hata mtu akafa. Daktari ndiye anayepunguza.

Leo jioni, mkiwa mmekaa nyumbani, wekeni vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwanza kulia kisha kushoto. Mkikosa mapigo upande mmoja, msiogope. Huenda vidole havijakaa mahali pake. Njooni tuyatafute pamoja. Na yule anayekohoa nyumbani asitengewe kikombe. Asindikizwe hospitali.