Uchawi wa Hadithini, Kosa la Nani?

Enyi vijana wa Nachingwea na Ruangwa, mkitoka kibanda cha video kumtazama kikongwe mwenye macho mekundu akiroga ukoo mzima, kesho yake mnamsalimiaje bibi jirani? Hapo ndipo penye kasheshe.

Wapo wanaotaka hadithi zote za majini zipigwe marufuku. Thubutu! Chukueni "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Mle jini Huria anawageuza nduguze Adili kuwa manyani, maana walimtosa ndugu yao baharini. Uchawi mtupu! Lakini Adili, aliyeamriwa kuwachapa kila usiku, anawapiga kwa uchungu, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Msomaji anamwonea huruma hata mkosaji, mpaka mfalme anaingilia kati wasamehewe.

Filamu zetu nyingi, bwana, mchawi ni ajuza tu, na akifa kibanda kizima kinashangilia. Huruma hakuna. Na nchi hii vikongwe wameuawa kweli kwa macho mekundu, Usukumani hasa. Macho yenyewe ni moshi wa kuni, jamani. Hata bibi yako mzaa mama anayo.