Gari la Haibridi kwa Kazi za Parokia: Tuliyojifunza kwa Miaka Minne

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu imepokea maswali kutoka kamati kadhaa za parokia, na karibu yote yanahusu jambo moja: je, yafaa kununua gari kubwa la familia la haibridi lililotumika, kwa ajili ya kazi za parokia na huduma za jamii? Wauzaji wanasifu kwamba linakula mafuta kidogo. Mafundi wengi wa mitaani nao wanaonya kwamba likiharibika, limeharibika. Kamati zimebaki katikati, na fedha za waumini ziko benki zikisubiri uamuzi.

Sisi tulinunua gari la namna hiyo mwaka 2020, la viti saba, kutoka Japani, likiwa na umri wa miaka tisa. Theluthi moja ya fedha ilitokana na michango ya waumini na theluthi mbili zilitoka kwa wafadhili wetu. Tulilitumia kwa miaka minne kabla ya kukaa chini na kufanya tathmini. Kwa kuwa fedha hazikuwa zetu binafsi, tunaona ni wajibu kueleza yote, mazuri pamoja na yale yaliyotuaibisha.

Haibridi ni nini?

Haibridi maana yake ni mseto. Gari hili lina vyanzo viwili vya nguvu: injini ya petroli kama ya gari lolote, na mota ya umeme inayotegemea betri kubwa. Magari mengi ya aina hii yanayofika kwetu hayachomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Betri huchajiwa na injini, na pia na magurudumu yenyewe kila dereva anapokanyaga breki au kuteremka mlima. Wakati huo mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea ikawa joto la breki tu.

Gari likisimama kwenye taa za barabarani, injini huzimika yenyewe. Likianza kuondoka, mota husukuma kwanza, kisha injini hufuata mwendo unapoongezeka. Kwa hiyo injini hupumzika katika nyakati zile ambazo kwa kawaida hupoteza mafuta mengi zaidi.

Toyota Prius, iliyotoka Japani mwaka 1997, ndiyo iliyolifanya gari la haibridi lijulikane, nayo ni gari dogo. Magari makubwa ya familia yalifuata baadaye. Mwaka 2005 Toyota ilitoa Harrier na Kluger za haibridi. Nchini Marekani, kampuni ya General Motors ilitoa Chevrolet Tahoe ya haibridi kama toleo la mwaka 2008, yenye injini ya V8 ya lita 6, na ikaendelea kuitengeneza hadi mwaka 2013. Toyota Sequoia ya toleo la mwaka 2023 ilikuja na mtambo wa haibridi pekee.

Unafuu wa mafuta uko wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea pia. Tulidhani kwamba gari la haibridi linapunguza mafuta kila mahali kwa kiwango kilekile. Sivyo. Tuchukue mfano wa ile Tahoe ya mwaka 2008, kwa kuwa vipimo rasmi vya Marekani viliwekwa wazi. Tahoe ya kawaida ilikwenda takriban kilometa 6 kwa lita moja mjini, na ile ya haibridi takriban kilometa 9. Katika barabara kuu, ya kawaida ilikwenda takriban kilometa 8.5, na ya haibridi takriban kilometa 9.3 tu.

Sasa tupige hesabu. Gari linalotembea kilometa 1,500 kwa mwezi, zote zikiwa za mjini, lingetumia lita 250 kama ni la kawaida, na lita 167 kama ni la haibridi. Unafuu ni lita 83 kwa mwezi, yaani karibu lita 1,000 kwa mwaka. Lakini kilometa hizohizo zikiwa za safari ndefu, unafuu ni lita 15 hivi kwa mwezi. Sababu yake ni rahisi: katika safari ndefu dereva hakanyagi breki mara kwa mara, wala hasimami, hivyo mota na betri hazina kazi kubwa ya kufanya.

Daftari letu la gari lilituonyesha jambo lilelile. Wiki ambazo gari lilizunguka Dodoma mjini, benki, hospitali, ofisi za serikali na kituo cha mabasi, mhasibu wetu alitabasamu. Wiki za kwenda na kurudi Dar es Salaam, akiba ilikuwa ndogo mno. Na wiki za vijijini, katika mchanga na makorongo, hatukuona akiba yoyote.

Nafasi, viti na mzigo

Betri kubwa lazima ikae mahali fulani, na mahali hapo hupunguza nafasi ya kitu kingine. Katika Kluger na Tahoe za haibridi betri iko chini ya viti vya safu ya pili. Katika Sequoia mpya iko nyuma, na ndiyo maana viti vya safu ya tatu havilali vikawa sawa na sakafu. Familia yenye mzigo mwingi hulalamikia jambo hilo.

Kwetu sisi viti saba vilikuwa saba kwa maandishi. Safu ya nyuma iliwafaa watoto, au watu wazima kwa safari fupi. Safu hiyo ikiwa na watu, buti ilibeba mikoba tu. Kamati inayotaka kubeba kwaya pamoja na ngoma zake, au wauguzi pamoja na masanduku ya dawa, ilipime gari hilo likiwa limejaa watu, si likiwa tupu uwanjani kwa muuzaji.

Jambo jingine linahusu nguvu ya magurudumu yote manne. Katika aina nyingi za Toyota za haibridi magurudumu ya nyuma husukumwa na mota yake ndogo ya umeme, bila mhimili kutoka kwenye injini. Mpango huo husaidia barabara ikiwa na utelezi. Haukukusudiwa kulivuta gari kwenye tope zito kwa nusu saa nzima. Anayelinunua akidhani ni sawa na Land Cruiser ya shambani atakwama.

Siku taa ya onyo ilipowaka

Septemba 2022 gari letu lilikuwa likipeleka kliniki tembezi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mpwapwa. Ndani walikuwamo dereva, wauguzi wawili, mizani ya watoto, masanduku ya dawa na mablanketi ya kugawa. Buti ilikuwa imejaa, na mablanketi yaliyobaki yalisukumwa chini ya viti vya safu ya pili. Hakuna aliyejua kwamba pale ndipo palipo na tundu linalovuta hewa ya kupoza betri.

Jua lilikuwa kali na gari lilikuwa limebeba mzigo. Katika mlima wa mwisho taa ya onyo iliwaka, nguvu ikapungua, kisha gari likasimama. Akina mama walikuwa wamekaa chini ya mti tangu asubuhi, wengine wakiwa wametembea saa mbili wakiwa na watoto mgongoni. Muuguzi mmoja alipanda bodaboda na sanduku moja la dawa, akafika saa nane mchana. Alihudumia alioweza. Wengine walirudi nyumbani bila watoto wao kupimwa. Gharama hiyo haimo katika vitabu vya mhasibu, lakini sisi tunaihesabu kuwa kubwa kuliko zote.

Dereva wa lori aliyepita alijitolea kulivuta gari kwa kamba. Dereva wetu alimpigia simu fundi kwanza, na alifanya vyema. Gari la aina hii halifai kuvutwa magurudumu yakiwa chini, kwa sababu magurudumu yakizunguka mota huzalisha umeme na mtambo unaweza kuharibika. Ilibidi lipakiwe juu ya lori.

Fundi wa kwanza alitazama na kusema betri imekufa. Wa pili, mwenye mashine ya kupimia, alituonyesha kwamba betri imeundwa na vipande vingi vilivyounganishwa mfululizo, na kwamba vipande vitatu vilikuwa dhaifu. Feni ya kupozea ilikuwa imeziba kwa vumbi na nyuzi za blanketi. Tulikuwa na njia tatu: kubadilisha vipande vitatu, kununua betri iliyotumika, au kununua mpya. Tukachagua rahisi. Baada ya miezi saba vipande vingine vilichoka, kwa kuwa vyote vilikuwa na umri mmoja. Tulikuwa tumeshona kiraka kipya kwenye nguo kuukuu.

Mwishowe tulinunua betri mpya. Bei yake, pamoja na lori, vipimo na kile kiraka cha kwanza, ilimeza karibu akiba yote ya mafuta tuliyoipata tangu tulinunue gari. Hatumlaumu muuzaji wala fundi. Sisi hatukuuliza, na hatukumfundisha dereva.

Usalama wa watu

Betri kubwa ya magari haya ina volti nyingi. Katika Kluger ya haibridi ni 288, na katika Tahoe ni 300. Umeme huo unaweza kuua. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya machungwa, na mtu asiye na mafunzo asiziguse hata kidogo. Fundi mwenye ujuzi huanza kwa kuzima gari, kutoa plagi ya usalama akiwa amevaa glavu maalumu za mpira, kisha kusubiri umeme uliobaki utoke. Akija fundi na bisibisi mikononi bila glavu, mshukuruni na kumwaga.

Tena, gari hili linaweza kuwa limewashwa na lisitoe sauti yoyote. Watoto wanaocheza uwanja wa kanisa hawatalisikia likianza kurudi nyuma. Dereva atoe ufunguo kila anaposhuka na ahakikishe taa ya kuonyesha kwamba gari liko tayari imezimika.

Ushauri wetu kwa kamati

1. Andikeni safari zenu za miezi mitatu kabla ya kuamua. Kama zaidi ya nusu ya kilometa ni za mjini, haibridi inaweza kuwafaa. Kama nyingi ni za vijijini, tafuteni pikapu ya dizeli.

2. Ulizeni umri wa betri, si umri wa gari tu. Nchini Marekani watengenezaji wengi walitoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilometa 160,000. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Hivyo gari linalotufikia mara nyingi limekaribia mwisho wa dhamana hiyo, au limeupita, na dhamana yenyewe haivuki bahari.

3. Lipeni mtaalamu apime betri kwa mashine kabla ya kulipa gari. Tafuteni pia fundi wa haibridi aliye karibu nanyi. Kama hayupo, hilo peke yake ni jibu.

4. Fungueni mfuko wa betri tangu mwezi wa kwanza. Nusu ya mafuta mnayookoa iwekwe humo, isiguswe kwa harusi, mgeni wala sikukuu.

5. Tundu la hewa ya betri lisizibwe na kitu chochote, na feni isafishwe kila baada ya miezi miwili katika maeneo yenye vumbi.

6. Msiisahau betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, na wengi wamelipa gharama za bure kwa kudhani betri kubwa ndiyo mbovu.

Tumeamua nini?

Hatukuliuza gari. Tangu betri mpya iwekwe linafanya kazi vizuri, na sasa limepangiwa kazi linayoiweza: safari za mjini na za lami. Kliniki tembezi inakwenda kwa pikapu. Mfuko wa betri tumeufungua, na taarifa yake itasomwa pamoja na taarifa nyingine za fedha katika mkutano wa mwaka.

Kwa wafadhili wetu tunasema asante, na tunaomba jambo moja. Mnapotoa gari, toeni pia sehemu ndogo ya matunzo yake na ya mafunzo ya dereva. Na kwa kamati za parokia: msione haya kuuliza kabla ya kununua. Gari letu liko wazi kwa yeyote anayetaka kuja kuliangalia, na dereva wetu, ambaye sasa ni mwalimu mzuri kuliko sisi sote, atawaonyesha lile tundu chini ya kiti.