Mwendo wa Farasi Kama Tiba ya Viungo

Farasi anapotembea, mgongo wake huitikisa nyonga ya mpandaji kwa mdundo unaokaribia ule wa mtu atembeaye kwa miguu, na kwa hiyo mtu mwenye ulemavu hulazimika kuusawazisha mwili kila hatua, huku misuli ya kiwiliwili ikiimarika. Tiba hii ilipata sifa mwaka 1952, Lis Hartel wa Denmark, aliyepoozwa na polio chini ya magoti, alipotwaa medali ya fedha kwa kupanda farasi katika Olimpiki ya Helsinki. Lakini si kila mahali pana farasi: Chikongola, mjini Mtwara, kusini mwa Tanzania, haiko katika ukanda wa wafuga farasi, kwani nagana, yaani ugonjwa wa mifugo uenezwao na mbung'o, umekwamisha ufugaji huo katika maeneo mengi ya kusini. Hata hivyo, kanuni hiyo ya kuusawazisha mwili hutumika pia katika mazoezi ya kukalia mpira mkubwa, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo.