Breki Husema Kabla ya Kufa

Dereva wa Land Rover kuukuu akanyaga breki. Pedali yashuka hadi karibu na sakafu. Akanyaga mara ya pili, yapanda, gari lasimama. Hujisifu kwamba amekwisha kuizoea. Ndugu, huko ni kuizoea hatari.

Dalili ya mvua ni mawingu. Land Rover za Series, zilizotengenezwa tangu 1948 hadi 1985, zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na kila ugonjwa una alama yake. Pedali ikipanda kwa kukanyagwa mara mbili, yamkini viatu vya breki vimekuwa mbali na ngoma. Inua gurudumu kwa jeki, zungusha bolti ya kurekebishia iliyo nyuma yake hadi gurudumu likwame, kisha legeza kidogo, lizunguke huru. Pedali ikiwa laini kama sifongo, mna upepo katika mabomba, utolewe. Ikizama polepole chini ya mguu, mafuta ya breki yavuja, au masta silinda imechoka. Gari likivuta upande mmoja, tazama na upande wa pili: huenda viatu vyake vimelowa mafuta. Vibadilishwe, pamoja na sili iliyovujisha.

Abiria aliyeketi nyuma haioni pedali, amemwamini dereva. Kwa hiyo gari lisilosimama kwa kukanyagwa mara moja lisitoke gereji, wala tajiri asimlazimishe dereva kulitoa. Bei ya sili si kitu mbele ya roho ya mtu.